Safu ya Mjomba

Wanawake wa Amankpu walinipa kazi ile siku chache baada ya Krismasi, wakati kila nyumba imejaa watu waliorudi kutoka Lagos, Aba na Port Harcourt, na upepo mkavu umetupasua midomo sote. Walikuwa kwenye mkutano wao wa mwaka katika ukumbi wa kanisa. Ajenda ilikuwa imekwama kwenye jambo moja, uchaguzi wa Bunge la jimbo. Wagombea wa eneo letu walikuwa watatu. Kila mwanamke alikuwa na wake, na karibu hakuna aliyeweza kusema kwa nini, ila kwamba huyu aligawa vitenge na yule ni shemeji wa fulani.

"Nataka wote watatu wakae kwenye karatasi moja," alisema Bibi Ugboaku, ambaye umri wake ulimruhusu kukatiza hotuba ya mtu yeyote. "Ubavu kwa ubavu, kama vitenge mezani kwa muuzaji. Tuvishike, tuvigeuze tuone upande wa ndani. Nani ana mtoto aliyesoma mambo haya?"

Vichwa vikageuka kumtazama mama. Mama akakunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Olanma amesoma," akasema.

"Basi Olanma aandike."

"Lakini mmoja wao ni mdogo wangu."

"Tunajua ni mdogo wako. Tulikuwepo ulipokuwa unambeba mgongoni na pua inamchuruzika. Binti yako ataandika au hataandika?"

Nilisema nitaandika. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, shahada ya siasa na utawala, na kwa miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza chochote nilichokisoma. Furaha ya kuulizwa ilinifanya nijibu haraka. Woga ulinijia njiani kurudi nyumbani.

Mdogo wa mama ni Mwalimu Okechi, mjomba wangu. Baba alifariki kabla sijaanza kutembea, na nilipokuwa darasa la pili mama aliugua, akalazwa mjini kwa muda mrefu. Nikahamia ujombani, Umuduru, kijiji kingine cha Amankpu, ng'ambo ya kijito. Mkewe mjomba, Mama Chidiogo, alikuwa akiamkia sokoni kabla ya jua, kwa hiyo mjomba ndiye aliyenisuka asubuhi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kuogopwa na watoto mia kadhaa, na alinisuka vibaya mno. Mistari ilikwenda kila upande. Wenzangu walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kucheka mjomba akiwa karibu.

Na kwetu mtoto wa binti ana nafasi yake ujombani. Anaingia jikoni bila hodi, anachuma chungwa bila kuomba, na neno analolisema pale halirudishwi kwa ukali. Watu wa Umuduru wanaweza kugombana wao kwa wao mpaka wachoke, lakini mtoto wa binti yao hatoki pale akilia. Nililelewa ndani ya heshima hiyo. Sasa nilitakiwa kumpima aliyenilea mbele ya watu wote, na nilijua kwamba nikiandika kweli huenda nikampoteza.

Nilitunga maswali matatu, mafupi, yale yale kwa kila mmoja. Ukifika Bungeni, sheria ya kwanza utakayoipeleka ni ipi? Utafuatiliaje fedha ambazo jimbo linaitengea zahanati yetu? Na baada ya kushinda, tutakupata wapi?

Nilianza kwa Chifu Emezie, ambaye lango lake lina simba wawili wa saruji.

"Sheria?" alisema. "Binti yangu, sheria zimejaa tele. Mimi naleta maendeleo."

"Maendeleo gani, Chifu?"

"Yote."

Alinipa kalenda yenye picha yake kwa kila mwezi. Desemba alikuwa amevaa kofia nyekundu ya Krismasi. Kuhusu zahanati alisema fedha zitapatikana, na kuhusu kumpata alisema yuko Abuja, yuko Lagos, na sikukuu zote anakuja nyumbani.

Mwanasheria Ngozika Alaribe alinipokea ofisini kwake, juu ya duka la dawa pale njia panda. Hakunipa hata maji. Lakini alijibu kama mtu aliyekuwa akisubiri kwa miaka aulizwe. Sheria ya kumlinda mjane asifukuzwe kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe ipo, alisema, ila haina adhabu, ndiyo maana mashemeji wanaicheka; yeye atapeleka marekebisho. Kisha akafungua bajeti ya jimbo, kitabu kinene kama msahafu, akanionyesha kwamba zahanati yetu ilitengewa uzio mwaka juzi na tena mwaka jana.

"Umeuona uzio?" akaniuliza.

"Hapana."

"Kazi ya mbunge inaanzia hapo." Akafunga kitabu. "Kunipata, Jumatatu na Ijumaa. Piga simu kwanza."

Jina langu aliniuliza nikiwa nimeshafika mlangoni. Na mume wa Bibi Ugboaku alipozikwa, mwaka ule ule, Ngozika hakuonekana, ingawa ni wa kijiji kimoja na marehemu. Hilo nalo watu walikuwa hawajalisahau.

Kwa mjomba nilikwenda jioni. Ua wake ulikuwa umejaa vijana waliovaa fulana zenye sura yake, wamekalia lile benchi refu la ukutani ambalo zamani wazazi walilikalia wakisubiri kusemea watoto wao. Yeye mwenyewe alikuwa amechutama mbele ya makaa, anageuza kiazi kikuu.

"Karibu, mama yangu. Umekuja kunihoji au umekuja kula?"

"Kuhoji kwanza, Mjomba."

"Basi hutahoji vizuri. Njaa inamfanya mtu awe hakimu."

Tulikula kiazi cha kuchoma na mafuta ya mawese yenye pilipili, kutoka sahani moja. Halafu nikafungua daftari.

"Sheria ya kwanza," alisema, "ni barabara ya Umuduru mpaka sokoni."

"Barabara si sheria, Mjomba. Hiyo ni kazi ya wizara."

"Basi nitakwenda kukaa mlangoni kwa wizara mpaka wanichoke."

"Na Bungeni atakaa nani?"

Vijana walicheka. Alicheka nao, ila macho yake hayakucheka. Nikamuuliza la zahanati. Akafikiri, akafuta mafuta vidoleni.

"Bajeti inatoka kwa Gavana, wabunge wanaipigia makofi, imekwisha. Sivyo?"

"Sivyo, Mjomba. Wanaweza kuikataa, wanaweza kuibadilisha, na wanaweza kumwita waziri aeleze fedha zimekwenda wapi."

"Ahaa," akasema taratibu. "Mimi nilidhani ni makofi."

Swali la tatu lilimfanya anyooshe mgongo. "Kunipata? Hapa. Mlango huu huu, kila siku. Mtu akifiwa, akiugua, mtoto akifukuzwa shule, aje. Hilo andika kwa wino mzito."

Niliandika. Ilikuwa kweli tupu, na Amankpu nzima ilijua. Hakuna maziko ambayo mjomba aliyakosa, hakuna mgonjwa aliyepelekwa mjini bila yeye kushika upande mmoja wa machela.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya mbegu za tikiti za kupikia mchuzi. Nilikaa mkabala naye, nikachukua ukufi mmoja, nikaanza kumenya nami. Sikujua pa kuanzia.

"Hajui," akasema mama kabla sijafungua kinywa.

"Hajui nini?"

"Chochote ulichomuuliza. Nakuona usoni." Akatupa ganda. "Okechi nimemlea. Nilijua anachokosa kabla wewe hujazaliwa."

"Naweza kuandika kwamba atajitahidi. Si uongo. Atajitahidi."

"Wale wengine umewaandikia watajitahidi?"

Nikamenya mbegu nyingine.

"Basi usimvishe kilemba cha ukoka mdogo wangu. Mwandike kama alivyo." Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Atakasirika. Huenda atanikasirikia mimi zaidi. Kule ndiko nyumbani kwetu, Olanma, sina kwingine nilikozaliwa. Lakini wanawake wamekuuliza wewe, na wewe umeitikia."

Niliandika kwenye karatasi nne kubwa za manila nilizoziunganisha kwa gundi. Safu tatu, mistari mitatu. Katika safu ya mjomba, mstari wa kwanza ulisema: "Hajataja sheria; anataka barabara, ambayo ni kazi ya wizara." Wa pili: "Bado hajui bajeti inavyopitishwa." Wa tatu niliuandika kwa wino mzito kama alivyotaka: "Mlango wake uko wazi kila siku, na sote tumeshaugonga." Hakuna safu nyingine iliyokuwa na mstari mzuri kama ule.

Siku ya kusoma, kwa bahati mbaya, zamu ya kuandaa mkutano ilikuwa ya Umuduru. Ukumbi wao wa kijiji ulijaa mpaka watu wakakalia madirisha. Ngozika alikuja, akakaa peke yake. Chifu Emezie alimtuma mtu na spika kubwa mbili. Mjomba alikuwa mstari wa mbele, amevaa joho jeupe alilolivaa siku ya kustaafu, kando yake Onyekwere, binamu yake na meneja wa kampeni, mtu mnene mwenye sauti isiyohitaji spika.

Nilisoma safu ya Chifu, wakacheka, hasa nilipofika kwenye "Yote." Nilisoma ya Ngozika, na palipotajwa uzio pakawa na mnong'ono mrefu. Mwanamke mmoja nyuma akauliza, "Kumbe uzio wetu upo, ila umelala kitabuni?"

Kisha nikasoma ya mjomba. Nilipomaliza mstari wa pili, Onyekwere alikuwa ameshasimama.

"Hajui?" alisema. "Mwalimu mkuu wa miaka yote hiyo, hajui? Wewe uliyefundishwa a-e-i-o-u na yeye ndiye unamwambia hajui?"

"Mzee, bado kuna mstari wa ta—"

"Nani amekutuma? Yule mwanasheria? Umekula viazi vyake, umelala kwenye mkeka wake, leo unamvua nguo mbele ya watu." Akafika ukutani, akaishika karatasi pembeni, akaivuta. Gundi ikaachia na karatasi ikapasuka katikati. "Toka. Rudi kwa watu wa baba yako. Hapa si kwenu."

Waliokuwa wamekalia madirisha wakashuka. Onyekwere mwenyewe alikuwa bado ameshika karatasi. Nadhani hasira ilikuwa imemwonyesha mpinzani, msomi, mtu wa kambi nyingine, akasahau nilikuwa nani pale. "Hapa si kwenu" ndilo neno ambalo mtu wa Umuduru hamwambii mtoto wa binti, hata akiwa amelewa.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama vidole vyake. Hakusema kitu. Ya Onyekwere ningeyavumilia. Ule ukimya sikuuweza, nikalia kama mtoto, mbele ya watu wote niliotaka wanione msomi.

Bibi Ugboaku alizaliwa Umuduru kama mama, ingawa wote wawili waliolewa nje. Yeye ndiye mkubwa wa mabinti wa ukoo ule. Aliinuka kwa kushika bega la mtu wa mbele yake.

"Mmesikia wenyewe," akasema. "Mtoto wetu ameambiwa hapa si kwao. Kama si kwao, basi si kwetu pia. Kina mama, twendeni zetu."

Wakatoka wote, mabinti wa ukoo wote, kuanzia wazee mpaka walioolewa mwaka jana. Mama alinishika mkono. Hakuharakisha, na hakugeuka nyuma.

Siku mbili baadaye kulikuwa na mkutano mkubwa wa kampeni ya mjomba. Wapishi, kama kawaida ya ukoo, walikuwa ni mabinti wale wale. Hakuna aliyekwenda. Onyekwere aliwaambia vijana wapike wenyewe. Wali ukaungua chini, ukawa mbichi juu, na vijana wa Chifu Emezie wakapita na spika zao wakitangaza kwamba yeyote anayependa mkaa aende Umuduru. Wazee wa ukoo wakakaa kikao. Walichoamua kilitufikia kabla ya jioni, kupitia jirani: kuku na viazi vikuu vipelekwe kwa mtoto wa binti, na vipelekwe na mwenye kosa.

"Kuku!" Onyekwere alisikika akisema. "Ametuharibia mgombea, halafu tumpelekee kuku!"

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia ua. Nilisikia hodi, nikainua macho. Mjomba alikuwa amesimama langoni. Kuku alikuwa kwapani mwake, mweupe, ametulia kabisa. Nyuma yake Onyekwere alikuwa amebeba viazi vikuu begani na amenuna.

"Mwenye kosa ni Onyekwere," mama alisema kutoka mlangoni. "Wewe umefuata nini, Okechi?"

"Nilikuwepo na sikusema kitu, Dada. Mwenye kosa ni mimi."

Mama alisogea mlangoni kuwapisha. Niliona akifuta uso kwa ncha ya kitenge, akijifanya ni vumbi.

Desturi ni kwamba mtoto wa binti hupokea kuku kwa mikono miwili, halafu anasema yaliyo moyoni, na hakuna anayemjibu mpaka amalize. Nilimpokea kuku. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye kiganja changu.

"Mjomba," nikasema, "sikuandika ili nikuaibishe. Wanawake walitaka kujua, na ninyi watatu niliwauliza maswali yale yale. Nilidhani utanikasirikia, nikajiandaa. Sikujiandaa kunyamaziwa." Nikamsogeza kuku kifuani. "Nimekuuliza utafanya nini ukifika kule. Sikukuuliza kwa nini unataka kwenda. Nakuuliza sasa."

Onyekwere alikohoa. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akaweka mikono magotini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Unalijua lile benchi langu," akasema. "Miaka yote nilipokuwa shuleni, naamka, tayari kuna mtu amekaa pale. Huyu mtoto wake mtoro, huyu anataka barua, huyu amegombana na mumewe. Mama Chidiogo alikuwa ananilalamikia, anasema nyumba hii ni kituo cha polisi. Akafa. Mwaka uliofuata nikastaafu. Wakaja kunipongeza, wakala, wakaondoka." Alisugua magoti. "Olanma, benchi lile lilikaa tupu mpaka buibui akajenga. Naamka naliangalia. Siku nyingine naenda kulikalia mwenyewe, nione mtu anavyojisikia pale. Halafu Onyekwere akaja na habari ya uchaguzi, na kesho yake asubuhi pale walikuwa vijana sita."

Onyekwere alikuwa anatazama viazi vyake.

"Kwa hiyo uliposoma mstari wa pili," mjomba aliendelea, "sikukasirika. Niliona aibu. Nilijua umeona kwamba sikuwa nawaza habari ya Bunge hata kidogo. Mwenye aibu hana maneno. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini wewe ulikuwa unalia, na mimi nikajifikiria mwenyewe. Hilo ndilo nimekuja kuliombea samahani."

Nilimweka kuku chini, nikapiga magoti, nikamshika mikono. Sikuwa na maneno mazuri. Nilimwambia tu kwamba ningekuja kukaa kwenye benchi lile hata bila uchaguzi, na kwamba nilipaswa kuwa nimeshafanya hivyo.

"Sasa inatosha," mama alisema. "Kuku mwenyewe anawaangalia."

Alimchinja, akampika na mchuzi wa mbegu. Kuku yule, kwa desturi, ni wangu, na aliyemleta hali mpaka nimgawie. Nilichukua firigisi, ambayo kwetu hupewa mwanamume mkubwa wa nyumba, nikaiweka kwenye sahani ya mjomba. Kisha nikampa Onyekwere mguu.

"Mguu mzima?" akasema.

"Kula, mzee. Ulifika na mzigo."

"Mimi huyu mtoto nilimsema vibaya," alimwambia mama, mdomo umejaa. "Hasira tu. Karatasi yake nayo ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana, nilijuta nikiwa bado naivuta."

Baada ya kula mjomba alinawa, akajifuta, akavuta kigoda karibu.

"Haya. Nieleze ule mstari wa pili. Bajeti inaingiaje, nani anaishika kwanza, na ule uzio ulipotelea wapi."

Nilimweleza. Aliuliza maswali ya kimwalimu, yale ya kumrudisha mtu nyuma mpaka ahakikishe ameelewa mwenyewe anachokisema. Mahali pawili sikuwa na jibu. Akasema niende kumuuliza Ngozika.

"Unataka nimuulize mpinzani wako, kwa niaba yako?"

"Anajua au hajui?"

"Anajua."

"Basi muulize. Na mwambie, akizikwa mtu kwao, aende. Hata asimame mbali. Hilo mimi namfundisha bure."

Mkutano uliofuata wa wanawake ulikuwa tena Umuduru, kwa ombi la mjomba mwenyewe. Nilikuwa nimeiunga karatasi kwa nyuma, na mpasuko ulionekana kama kovu. Nilipofika nayo, mjomba alikuwa ameshapanda juu ya meza, misumari mdomoni, nyundo mkononi, na Onyekwere ameishikilia meza isiyumbe.

"Nipe," akasema.

"Sijabadilisha kitu, Mjomba. Safu yako iko vile vile."

"Sijakuuliza."

Akaipigilia ukutani mwenyewe, akiiangalia isiende upande. Kisha akashuka, akasimama kando ya safu yake kama alivyosimama miaka mingi kando ya ubao, akausoma mstari wa kwanza na wa pili kwa sauti mbele ya wanawake wote. Hakuruka neno.

"Ni kweli," akasema. "Siku niliyoulizwa nilikuwa sijui. Sasa najua kiasi. Anayejua kuliko mimi ni yule aliyekaa pale." Akamwonyesha Ngozika, ambaye safari hii alikuwa amekaa katikati ya wanawake, ingawa kwa wasiwasi, kama mtu aliyeazima nguo. "Mimi bado ni mgombea na kura zenu nazitaka. Niulizeni."

Bibi Ugboaku akainua fimbo yake. "Okechi, na kama utamaliza kujifunza wakati uchaguzi umeshapita?"

Ukumbi ukacheka, na mjomba akacheka nao, safari hii mpaka machoni.

"Basi, Dada, mtakuja kwangu niwaeleze huyo mliyemchagua anafanya nini kule. Benchi lipo."

"Hilo nimelipenda," akasema Bibi Ugboaku. "Sijasema nakupigia kura. Nimesema nimelipenda."

Walimuuliza mpaka jua likashuka. Mengine alijibu, mengine akamgeukia Ngozika, naye akajibu bila kusimama, mpaka Mama Adaeze wa mstari wa nyuma akamwambia ainuke, tumeshamsikia, sasa tunataka kumwona.

Siku ya kupiga kura mjomba alikuja kunichukua ili twende pamoja. Katika foleni nilijaribu kumwambia nilichoamua. Nilidhani ni haki yake kukisikia kutoka kwangu. Alinishika kiwiko kabla sijaanza.

"Usiniambie. Ukisema ni mimi, nitataka kukushukuru. Ukisema si mimi, nitataka kukuuliza kwa nini. Leo sitaki kufanya lolote kati ya hayo. Leo nataka tu kusimama kwenye foleni na mtoto wangu."

Foleni ikasogea. Tukasogea nayo.